Kambi ya Mjerumani pale Kisiba-Masoko: tuifufue iwe ya kijiji, au tunafukua yasiyotuhusu?

#1 KiwiraYetu
Wakuu, salamu.

Mwezi uliopita nilikuwa Rungwe kwenye msiba wa mjomba. Baada ya kuanua matanga, binamu zangu wakanipakia bodaboda hadi Masoko, kilomita kama 15 kutoka Tukuyu kwa njia ya Ipinda. Nimezaliwa huko lakini sikuwahi kufika. Ziwa lile ni la mviringo kama bakuli, maji yametulia, na juu ya ukingo kuna lile jengo la mawe la Mjerumani. Wenyeji wanasema ni la mwaka 1912 hivi. Lilikuwa kambi ya jeshi, Mwingereza akaligeuza mahakama.

Watoto watatu walikuwa wamekaa majani ya pale ukingoni, mmoja ana kopo la maziwa ya unga. Ndani kuna maganda ya risasi mawili na sarafu nne zimeota kutu ya kijani. Anasema mvua ikinyesha usiku, asubuhi wanaokota kwenye tope la ufukweni. Nikanunua moja yenye tundu katikati, elfu tano. Rupia ya Mjerumani kabisa.

Wazo langu ni hili. Mahakama ijengewe jengo lake jipya, hilo la mawe likarabatiwe, liwe makumbusho chini ya kijiji. Vijana wawe waongoza wageni, kina mama wauze ndizi na kahawa, kiingilio kibaki palepale. Mnaonaje? Na swali la pili, wajuzi mnisaidie: hizo hela zilifikaje ziwani?

#2 Chai ya Katumba
Naweka kambi hapa. Siyo ya Mjerumani, yangu mwenyewe.

#3 Mama Ndizi
Hela zilitupwa na Wajerumani walipoona Mwingereza anakuja. Sanduku kwa sanduku, pamoja na bunduki. Bibi yangu alisema walizipakia kwenye mtumbwi usiku. Kila mtu Masoko anajua hilo.

#4 Bodaboda wa Ushirika
Mama Ndizi yuko sahihi. Halafu mkuu KiwiraYetu umepigwa. Elfu tano! Mimi huwa napewa kwa buku.

#5 Msomi wa Usiku
Mna bahati mbaya, nina usingizi kidogo na maswali mengi. Kama walitupa masanduku, mbona zinaokotwa moja moja ufukweni? Ziwa lile ni kasoko ya volkano, linazama ghafla, katikati kina karibu mita 40. Sanduku likizamishwa na mtumbwi huko halitambai kurudi kwenye tope.

Jambo jingine, mwaka 1915 na 1916 Mjerumani hapa alikuwa na njaa ya sarafu. Meli hazifiki, Mwingereza kafunga bahari. Wakawa wanachapa noti za karatasi hovyo hovyo, na mwaka 1916 wakaanza kugonga sarafu zao Tabora kwenye karakana ya reli: za helleri 20 (helleri ndiyo ilikuwa senti ya rupia), na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Sasa mtu anayegonga hela kwa maganda ya risasi na mabomba ya shaba, anatupa masanduku ya hela ziwani?

#6 Mama Ndizi
Wewe ulikuwepo?

#7 Chai ya Katumba
😂😂 Bibi wa Masoko 1, Msomi 0.

#8 MwalimuMstaafu
Nimefundisha historia miaka 34, naomba niweke mambo mawili matatu sawa kabla uzi haujaota mbawa.

Masoko palikuwa kituo cha Kampani ya 5 ya jeshi la kikoloni la Wajerumani. Vita vilipoanza 1914, Kampani ya 2 ilikuwa Iringa na Ubena, yaani Njombe ya leo, na ya 12 ilikuwa Mahenge. Kwa hiyo Masoko hapakuwa kituo cha polisi wala gereza, palikuwa kambi ya jeshi hasa, ya kulinda mpaka wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Tukuyu yenyewe waliiita Langenburg Mpya. Ile ya zamani ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Mwingereza chini ya Jenerali Northey lilivuka mpaka. Wajerumani hawakung'ang'ania, waliondoka kuelekea Njombe, na Agosti 29 mwaka uleule Northey akaingia Iringa. Kwa hiyo wanaosema hapo Masoko palipiganwa vita kubwa, mimi sijaiona vitabuni. Waliondoka kwa haraka. Mtu anayeondoka kwa haraka anaweza kutupa asichoweza kubeba. Hapo simpingi Mama Ndizi moja kwa moja.

#9 Bodaboda wa Ushirika
Shikamoo mwalimu. Lakini matundu ya risasi yapo ukutani! Mimi huwaonyesha wazungu, wanapiga picha. Kama hapakuwa na vita, ukuta ulipigwa risasi na nani?

#10 MwalimuMstaafu
Marahaba. Ukuta wa kambi unaweza kupigwa risasi na wenyewe wakifanya mazoezi.

#11 Fundi Mawe
Au haukupigwa na mtu.

Mimi ni fundi mwashi, nimekarabati majengo ya zamani matatu, moja Mbeya na mawili Iringa. Naomba KiwiraYetu anijibu: hayo matundu yamepangwa? Yana umbali sawa kati yake? Yako usawa mmoja, kisha mengine juu yake usawa mwingine? Zamani ukipandisha ukuta wa mawe hukusimamisha jukwaa la mabomba. Unaacha tundu ukutani, unachomeka mti, unalaza mbao, unapanda. Ukimaliza unang'oa miti, matundu unaziba kwa jiwe dogo. Miaka mia ikipita vile vijiwe vinadondoka, anakuja mwongozaji anasema risasi.

#12 KiwiraYetu
Sikupima mkuu. Nikikumbuka vizuri, mengine yamejipanga na mengine yametawanyika tu.

#13 Fundi Mawe
Basi yawezekana kila mtu ana haki yake.

#14 Lilinga
Kamwene Rungwe. Huku Iringa tumeshapita hiyo njia. Boma letu la Mjerumani la mwaka 1900, lililojengwa liwe hospitali ya jeshi, lilikuja kuwa ofisi za serikali miaka nenda rudi. Mwaka 2016 likafunguliwa kama makumbusho, Chuo Kikuu cha Iringa ndicho kilichosimamia kupitia mradi wa Fahari Yetu. Leo wanafunzi wanaingia, wageni wanaingia. Linawezekana.

Ila sisi tuna Mkwawa, nyie mna ndizi.

#15 Chai ya Katumba
Mkwawa si ndiye aliyepigana na hao wa Masoko?

#16 Lilinga
Hapana ndugu. Agosti 17, 1891 Wahehe wa Mkwawa walimvizia kamanda wa Kijerumani Zelewski pale Lugalo, yule waliyemwita Nyundo, wakamuua na kikosi chake. Ngome ya Mkwawa ya Kalenga ikaanguka 1894 mikononi mwa jeshi la Gavana von Schele. Mkwawa akajipiga risasi Mlambalasi Julai 19, 1898. Kama jengo la Masoko ni la 1912, alikuwa ameshakufa miaka 14. Hata jina la Iringa ni lilinga, ngome. Handle yangu umeiona.

Na hapo ndipo penye somo. Kwetu mgeni anaona vyote. Anaona boma la aliyetupiga, kisha anakwenda Kalenga kuona fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954. Ukifungua boma peke yake bila Kalenga unamsifu mkoloni. Nyie Kalenga yenu iko wapi?

#17 Tengatenga
Swali la Lilinga ndilo nililokuja nalo.

Sipingi ukarabati. Ninauliza wa nani. Tukiweka picha ya afisa wa Kijerumani na kofia yake, tumemaliza? Lile jengo lilijengwa na mikono ya nani, na mawe yalibebwa na mabega ya nani? Vita ilipokuja, pande zote mbili zilichukua watu kubeba mizigo. Upande wa Mwingereza huku kusini waliitwa tengatenga. Mzigo kichwani, masika, kuhara, njaa. Walikufa wengi kuliko askari waliokuwa wanawabebea. Dar es Salaam walau jina la Kariakoo limebaki, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Rungwe limebaki nini?

Babu wa babu yangu alichukuliwa shambani. Katika familia hatuna tarehe, wala kaburi, wala hatujui alibebea upande upi. Kinachosimuliwa ni kwamba aliacha jembe limechomekwa kwenye tuta na mkewe akakataa kuling'oa mpaka mpini ukaliwa na mchwa. Mkiweka makumbusho, wekeni hilo jembe.

#18 Mama Ndizi
Hapo umenigusa mwanangu. Ndaga fijo.

#19 Mkereketwa
Mnaniudhi kidogo. Nyanda za Juu Kusini zina kambi za heshima kuliko hiyo ya mkoloni. Mgagao, Kilolo: hapo walifunzwa wapiganaji wa ZANLA wa Zimbabwe, na ndipo mwaka 1975 makamanda walipoandika Tamko la Mgagao la kumkataa Sithole, kiongozi wa chama chao cha ZANU. Kabla ya Mgagao walikuwa Itumbi, Chunya, palipokuwa na mgodi. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikaa Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1994, na kazi yake nyingine ilifanyika huku milimani kwenye baridi. Hela za ukarabati zikipatikana zianze huko. Za Masoko zingoje.

#20 Msomi wa Usiku
Mkuu Mkereketwa, ukifungua Mgagao utaandika ubaoni pia kilichotokea 1976, ZANLA na wenzao wa ZIPRA, jeshi la chama kingine cha Zimbabwe, walipouana humohumo kambini? Au ubao utakuwa wa mashujaa tu?

#21 Mkereketwa
Nitaandika yote. Nani amekwambia naogopa?

#22 Chai ya Katumba
Nani atamlipa wa kuandika ubao? Ndo swali la Mtanzania.

#23 Mwanasheria wa Kitaa
Jamani kwanza hilo jengo la Masoko linalindwa moja kwa moja na sheria, kila jengo la Mjerumani ni mali ya kale. Hamwezi kuligusa.

#24 Mkaguzi
Si kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Magofu ya Kilwa, sawa. La Mjerumani la 1900 au 1912 halimo, mpaka waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Ndiyo maana maboma mengi yamegeuzwa ofisi, yamebomolewa ukuta, yamewekewa vigae vya chooni bila mtu kuulizwa.

Kwa hiyo KiwiraYetu, hatua ya kwanza siyo kununua rangi. Ni kijiji kukaa mkutano mkuu, kuandika muhtasari, kupeleka halmashauri, na kuomba litangazwe. Na mahakama ina neno lake, siyo ghala lile. Jingine: kuchimba kutafuta vitu vya kale bila kibali ni kosa. Wanaookota tope ni hadithi nyingine, lakini wanaochimba wajue.

#25 Mwanasheria wa Kitaa
Sawa mkuu, nimejifunza. Nilijua zote.

#26 Bodaboda wa Ushirika
Mkaguzi kagusa kuchimba, ngoja niwape kisa.

Walikuja jamaa watano na gari, wana mashine ya kusikiliza chuma ardhini, na mganga wao. Nikawabeba mizigo mimi na mwenzangu. Wakakodi shamba la mzee mmoja jirani na ziwa, usiku, kwenye migomba. Mganga anataka kuku mweusi asiye na doa. Tumemtafuta kuku kijiji kizima, tumempata ana unyoya mmoja mweupe mkiani, tukaung'oa. Mashine ikalia. Wakachimba mpaka kifuani, mvua inanyesha, shimo linajaa maji, wanateka kwa ndoo. Saa tisa usiku wakatoa bati, kwato ya ng'ombe na mfuniko wa sufuria. Mganga akasema mali imehama kwa sababu kuku hakuwa safi, wakatuangalia sisi.

Migomba sita ya mzee ilianguka. Hawakumlipa. Nasi nauli ya kurudi hatukupewa.

#27 Chai ya Katumba
UNYOYA MMOJA 😂😂😂 nimecheka mpaka bosi kaniangalia.

#28 Mama Ndizi
Mmeona? Mali ipo ila inahama. Hata bibi alisema ziwa lile lina mwenyewe. Zamani mwenyewe alifukuzwa kwa mawe ya moto, akahamia ziwa Ngozi, ndiyo maana Ngozi maji yake yana siri. Wengine wanasema alirudi.

#29 Msomi wa Usiku
Mama Ndizi naomba nikuulize kwa heshima. Watu walikuwa wanatambika pale ziwani? Wakitambika, wanatupa nini? Maana kama mtu alitupia sadaka ya hela ndogo kila aombapo mvua au mtoto, kwa miaka mingi, hapo unapata kitu kinachofanana na kilichopo: sarafu moja moja, karibu na ukingo, za Mjerumani na za Mwingereza zimechanganyika.

#30 Mama Ndizi
Walitambika. Walichotupa hakisemwi humu.

#31 MwalimuMstaafu
Niongeze la kwangu kwenye kapu. Baada ya vita rupia ilikufa. Ikaja florini mwaka 1920, kisha shilingi 1921. Mtu aliyekuwa na helleri zake kwenye chungu akaambiwa dukani hazinunui chumvi. Watoto wakapewa wachezee. Watoto wakiwa na vitu vya duara na maji yako karibu, mnajua watafanya nini.

Halafu tuna hela mdomoni kila siku tunasahau ilikotoka. Hela ni helleri ya Mjerumani. Hata shule ni yake. Tengatenga anauliza limebaki nini: limebaki neno, tena ndilo tunalolitafuta kutwa.

#32 Lilinga
Au basi ni jibu la kijinga tu: askari walikaa na familia zao, walikuwa na mshahara, wake zao walifua nguo ziwani. Mfukoni kulikuwa na hela. Leo nani hajawahi kufua mia mbili?

#33 Chai ya Katumba
Mimi nimewahi kufua elfu kumi ya noti. Nikifa msinitafutie mganga.

#34 Fundi Mawe
Mnazungumza hela, mimi narudi ukutani maana huko ndiko mtakakoharibu.

Mkipata fedha, msimpe kazi mtu anayekuja na mifuko ya saruji. Nimeona kwa macho. Jengo moja la zamani la dini, silitaji, ukuta wa mawe meusi ya volkano kama ya Rungwe, umeunganishwa kwa chokaa. Wakaja na saruji, wakapiga lipu nje kote, rangi nyeupe, wakakata utepe. Masika ya kwanza ikatoka mistari. Masika ya pili lipu ikavimba kama maandazi. Ukigonga kwa kidole inaitika, tupu ndani. Ilipodondoka ilidondoka na uso wa jiwe, vipande vya ukubwa wa sahani.

Sababu ni maji. Ukuta wa chokaa unalowa na kukauka, maji yanatokea kwenye kiungo. Ukiuvalisha saruji, maji yanaingia kwa juu na kwa chini lakini hayatoki. Na Rungwe mvua yake inapita milimita 2,000 kwa mwaka, siyo mchezo wa Dodoma. Kwa hiyo kwanza paa na mifereji. Pili mtaro wa kutoa maji kwenye msingi. Tatu kuchokonoa saruji yote iliyozibwa kwenye viungo, kwa mkono, bila mashine. Ndipo chokaa.

Chokaa haiko mbali. Mawe yake yapo Songwe, ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko kule. Yanachomwa, yanazimwa kwa maji shimoni, yanafunikwa kwa magunia mabichi. Usitumie wiki hiyohiyo. Iache mwezi, miezi mitatu ndiyo tamu, mpaka ukiichota kwa mwiko inang'ang'ania kama siagi. Vijana kumi wa kijiji wakijifunza hilo wana kazi hata Tukuyu na Mbeya. Hayo ndiyo makumbusho kwangu, picha za kofia baadaye.

#35 KiwiraYetu
Fundi, hili ni bandiko la kuchapa na kubandika ofisi ya kijiji. Naomba ruhusa.

#36 Fundi Mawe
Chapa. Futa maandazi tu.

#37 Tengatenga
Acha maandazi.

#38 Mkaguzi
Ushauri mmoja wa kiutawala. Msiseme "makumbusho ya Mjerumani" kwenye barua. Semeni kambi ya Masoko. Jengo hilo lilikuwa la Mjerumani miaka minne hivi, la Mwingereza na mahakama ya wenyeji miaka zaidi ya mia pamoja na uhuru. Kuna watu walihukumiwa humo kesi za mashamba, za ng'ombe, za talaka. Wazee bado wapo. Wafuateni na daftari kabla hamjatafuta rupia.

#39 Mkereketwa
Sasa hapo naweza kuchangia hata mfuko wa chokaa. Lakini Mgagao sijaisahau.

#40 Mwanasheria wa Kitaa
Mama yangu mdogo alipewa talaka humo. Atafurahi jengo likibomoka.

#41 Mama Ndizi
Msilibomoe. Na kiingilio kisizidi elfu moja kwa wenyeji.

#42 Msomi wa Usiku
KiwiraYetu, toka juzi nakuomba kimoyomoyo: weka picha ya hiyo rupia yako. Kama ni ya Mjerumani yenye tundu itakuwa helleri tano au kumi, siyo rupia. Juu ya tundu kuna taji, na imeandikwa Deutsch Ostafrika. Soma herufi.

#43 KiwiraYetu
Nimeiloweka kwenye ndimu usiku kucha (Fundi usinipige). Kutu imetoka. Taji lipo! Tundu lipo. Kando ya tundu kuna pembe mbili za ndovu zimejikunja. Maandishi… East Africa. Mwaka 1922.

#44 Msomi wa Usiku
Senti kumi ya Mwingereza.

#45 Chai ya Katumba
Elfu tano jamani. ELFU TANO.

#46 Bodaboda wa Ushirika
Nilisema.

#47 MwalimuMstaafu
Usivunjike moyo kijana. Na hiyo nayo ni ya kambi.

#48 KiwiraYetu
Nimempigia binamu akamuulize yule dogo wa kopo. Dogo anasema za Mjerumani anazo, ila hizo ni elfu kumi.